Kuku Watoke Jikoni

(Maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa tawi, Madaba, Songea)



Mlipopata habari ya mkutano huu wengi wenu mlidhani tutasema juu ya kadi na ada, maana ndiyo desturi yetu sisi tunaotembea na daftari la chama. Leo daftari tumeliacha nyumbani. Twataka kusema nanyi habari ya banda la kuku. Twasikia wengine wanacheka. Chekeni, ndugu zetu, hapana neno. Hata tulipoanza jambo hili tulichekwa, tukaambiwa kwamba vijana waliosomea ualimu wamekosa watoto wa kufundisha hata wamekwenda kufundisha kuku. Lakini kabla hamjaondoka hapa twataka kila mmoja wenu ajiulize swali moja: kuku wa nyumba yangu walilala wapi jana usiku?

Jibu twalijua. Walilala jikoni, karibu na mafiga, juu ya kuni, na wengine juu ya chungu. Au walilala juu ya mti. Baba alilala katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati, na redio yake kichwani.

Tazameni sasa kazi anayoifanya kuku huyu tusiyempa mahali pa kulala. Mahindi ni hesabu ya baba. Yakivunwa hupimwa kwa magunia, mwenye lori huja, na fedha huingia mara moja kwa mwaka. Kuku ni hesabu ya mama, nayo huingia kila siku ya shida. Mtoto akishikwa na homa usiku, asubuhi jogoo anauzwa kule barabarani kwa wasafiri wa basi la Njombe. Mkwe akija, kuku. Msiba ukitokea, kuku. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa, na wanaovilipia katika nyumba nyingi za hapa Madaba ni kuku wa jikoni.

Sasa tuwaambie jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mama mmoja wa kitongoji cha jirani, mjane anayelea wajukuu watatu, mwaka jana alikuwa na kuku 26. Twaijua hesabu hiyo kwa sababu tuliifanya pamoja naye, akitaja kila kuku na kazi aliyompangia: huyu wa sare, huyu wa kupaka nyumba lipu, huyu wa mbolea. Mwezi wa Agosti mchanjaji alipita kitongojini na chupa ya chanjo ya mdondo. Alifika saa mbili asubuhi. Saa hiyo mama alikuwa amekwisha washa moto kitambo, na kama mjuavyo, moto ukiwaka jikoni kuku hufukuzwa nje. Walikuwa wametawanyika, hawa katika mabua ya mahindi, hawa kwa jirani, hawa juu ya mpera. Wajukuu walikimbia, sisi tulikimbia, mchanjaji mwenyewe akavua viatu akakimbia. Tulikamata kuku 7. Wale 19 wakatutazama kwa mbali.

Mwezi wa Oktoba mdondo ukaingia. Katika wale 19 alibaki mmoja. Katika wale 7 walibaki 6.

Ndugu zetu, chanjo ilikuwapo siku ile. Mchanjaji alikuwapo. Fedha ya kulipia ilikuwapo, nayo ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kuku mmoja. Hakukuwa na mlango wa kufunga. Laiti kuku wale 26 wangalikuwa ndani ya banda, mchanjaji angalifungua mlango kidogo, akawachukua mmoja mmoja, na kazi ingalikwisha kabla chai haijapoa. Hii ndiyo sababu twasema kwamba banda si nyumba ya kumpendeza kuku. Banda ni nusu ya chanjo.

Wapo wanaosema mdondo ni upepo. Wengine wanasema ni mkono wa mtu, na urafiki wa miaka mingi umevunjika kwa maneno hayo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni ugonjwa wa virusi. Wataalamu waliupa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ambako uliua kuku mwaka 1926, na mwaka ule ule ulionekana katika kisiwa cha Java. Basi kama ni mkono wa mtu, mtu huyo ana mikono mirefu sana. Kuku mgonjwa huacha kula, huharisha kijani, hukoroma, hushusha mbawa, na wengine shingo hupinda hata kichwa kinatazama mgongoni. Dawa ya kuutibu hakuna. Tumeona watu wakichemsha mwarobaini, wakisaga pilipili, wakinyunyiza majivu, wala hatuwacheki, maana mtu anayeona mali yake inakufa hawezi kukaa mikono mitupu. Lakini kinachozuia ni chanjo peke yake, tena itolewe kabla ugonjwa haujafika. Hapa kwetu huja zaidi wakati wa kiangazi, Agosti, Septemba, hata kuelekea mvua za Novemba.

Chanjo inayotumika sana vijijini huitwa I-2. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia, na walioitafuta walikubali nchi kama yetu ziitengeneze zenyewe bila kununua ruhusa. Tanzania huitengeneza katika maabara ya mifugo ya Serikali. Sifa yake ni kwamba inavumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, kwa hiyo yaweza kufika hata kwetu tusio na jokofu kila kitongoji, ingawa kuiacha juani ni kuiua. Kila kuku hupewa tone moja katika jicho moja, mkubwa kwa mdogo sawasawa, na hurudiwa kila miezi mitatu, wala isipite minne. Lakini chupa moja huchanja kuku mia na zaidi, na ikishafunguliwa haikai siku nyingi. Ni nani hapa mwenye kuku mia? Hakuna. Basi chupa hii haitaki mtu mmoja. Inataka nyumba kumi, na inataka nyumba zote kumi ziwe zimefunga kuku wao usiku wa kuamkia siku hiyo. Jambo hili tutalirudia mbele.

Tuliposema haya mara ya kwanza, baba mmoja alisimama akatuuliza: "Fedha ya banda iko wapi? Ninyi mna mradi?" Tulimjibu kwamba hatuna mradi. Akakaa chini, akaona mazungumzo yamekwisha. Hapo ndipo tulipoona kwamba ugonjwa mwingine unatusumbua kuliko mdondo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya tusifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo, nasi bado kila jambo twalianza kwa kuuliza mfadhili ni nani. Na wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Matetereka ni jirani zetu. Vijana wa TANU waliokwenda pale porini miaka ya mwanzo ya 1960 hawakukuta mabati yakiwangoja. Chama chao cha Maendeleo ya Ruvuma kilivunjwa mwaka 1969 kwa uamuzi wa wakubwa, na jambo hilo wazee wetu wanalisimulia hadi leo kwa uchungu wao, lakini watu wa Matetereka waliendelea kulima pamoja. Twaitaja Matetereka kwa sababu ya mwanzo wake tu: walianza na miti iliyokuwa imesimama mbele yao.

Sisi je, ni nini kimesimama mbele yetu? Madaba ni nchi ya mbao. Tunalo Shamba la Miti la Wino, na watu wengi wana misitu yao ya misindano na mikaratusi. Kila penye msumeno pana mabanzi, yaani yale magamba ya gogo yanayotolewa pembeni kabla ya kupata ubao ulionyooka. Pengine mwenye msumeno huyauza kwa bei ya kuni, pengine huyatoa bure ili yasimzuie njia. Pana mirunda iliyopinda ambayo mjenzi wa nyumba ameikataa. Pana mianzi, na hiyo hatuna haja ya kuwafundisha, maana wagema ulanzi wa hapa wanaijua kuliko sisi. Pana mabati kuukuu kila nyumba iliyoezekwa upya. Pana matairi yaliyokwisha nyuma ya kila fundi wa pikipiki, na oili chafu ambayo fundi huyo humwaga chini. Pana madumu ya plastiki yaliyotoboka. Pana misumari iliyopinda, ambayo mtoto wa darasa la nne akipewa jiwe na nyundo aweza kunyoosha kilo moja kwa jioni mbili, naye atafurahi kuliko kuchunga mbuzi.

Hapa tuseme neno moja la ukali. Kuokota si kuiba. Bati la shule lililong'olewa na upepo halijawa okoteo; ni bati la shule, lirudishwe. Mti uliosimama katika shamba la Serikali si banzi. Tukijenga mabanda kwa mali ya watu wote, tutakuwa tumewafuga kuku na kuwalea wezi.

Na vipo vitu vya kuokotwa ambavyo havifai hata vikitolewa bure. Dumu lililokuwa na dawa ya kuua wadudu wa mahindi au tumbaku lisinyweshe kuku, hata ukiliosha mara saba. Mbao zenye rangi kuukuu inayobanduka zisitumike ndani, kwa sababu kuku hudonoa kila kitu. Mbao au matenga yaliyotoka katika nyumba ambayo kuku walikufa mwaka jana yaoshwe kwa sabuni, yaanikwe kwenye jua kali siku kadhaa, kisha yapakwe chokaa.

Sasa tuingie kazini. Tutasema banda la kuku 20, maana ndilo linalofaa nyumba nyingi. Kuku wa kienyeji wakubwa watano au sita wanataka mita moja ya mraba ya kulala, kwa hiyo banda la futi 8 kwa futi 5 linawatosha. Msiwe na tamaa mkaweka 40 humo. Wakibanana hudonoana, na maradhi hupita upesi.

Sisi twapenda banda la miguu, lililoinuliwa futi 3 kutoka chini. Mvua za huku mwazijua. Banda la chini sakafu yake huwa tope toka Desemba hadi Aprili, na tope lile ndilo mama wa kuhara damu kwa vifaranga. Chimbieni mirunda sita, mitatu mbele na mitatu nyuma, iingie ardhini futi 2. Sehemu inayoingia ardhini na kipande kidogo cha juu yake ipakeni oili chafu, mchwa wasile na siafu wasipande. Kisha kila mguu uvisheni kofia ya bati iliyokunjwa kama mwavuli, ukingo wake ukitazama chini. Panya akipanda atagonga kichwa kwenye mwavuli ule na kurudi alikotoka. Bati la kofia hizi ni vile vipande vilivyooza pembeni ambavyo havifai paa.

Sakafu ni mianzi iliyopasuliwa au mabanzi membamba, yakipangwa kwa nafasi ya kidole kimoja. Kinyesi huanguka chini chenyewe na banda hukaa kavu. Chini ya sakafu zungusheni fito ili kuku wasiingie kuchakura uchafu wao, na kila juma zoeni mbolea ile mkaiweke kwenye lundo. Ikikaa miezi miwili mitatu ikapoa, ipelekeni kwenye bustani ya mboga au kwenye mashimo ya mahindi. Mwaka ambao mbolea ya dukani inapanda bei, lundo hilo nalo ni fedha, na twashangaa jinsi watu wanavyolisahau.

Kuta ni mabanzi yaliyosimamishwa wima, gome likitazama nje. Gome lioneni kwanza. Likiwa limelegea libandueni, kwa sababu utitiri na viroboto hujificha chini yake. Upande wa mbele ukuta uwe futi 4 na nyuma futi 3, ili paa literemke. Lakini mabanzi yasifike hadi paani. Acheni nafasi ya futi moja kuzunguka juu, mkaizibe kwa fito za mianzi zilizopangwa kwa nafasi ya kidole, au kwa waya kama upo. Hewa ipite pale. Upande mrefu wa banda utazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisichome ndani.

Kwa habari ya hewa hii tuna kisa chetu wenyewe, nacho hakitupendezi. Banda letu la kwanza tulilijenga mwezi wa Juni. Mwajua baridi ya Juni na Julai hapa. Tukawahurumia kuku, tukaziba kila ufa kwa udongo na magunia, hata mwanga haukupita. Tulijiona mafundi. Baada ya majuma mawili tulipofungua mlango asubuhi harufu ilitutoa machozi, na kuku walikuwa wakikohoa kama wavuta tumbaku. Walikufa watatu. Bwana Mifugo alipokuja (naye ni mwanamke, lakini watu wote humwita Bwana Mifugo, na yeye huitika) alicheka akatuambia kwamba kuku amevaa blanketi lake tangu kuzaliwa; kinachomuua si baridi bali ni hewa chafu na unyevu. Tukabomoa juu.

Kosa la pili lilikuwa mlango. Tuliutengeneza vizuri ukafunga vizuri, lakini chini tuliacha nafasi ya vidole vinne, kwa sababu ubao ulikuwa mfupi na sisi tulikuwa tumechoka. Usiku mmoja kicheche aliingia. Hakula hata kuku mmoja akammaliza. Alikata shingo tisa akanywa damu akaenda zake. Asubuhi ile hatukusema neno. Kuku wanne kati ya wale tisa walikuwa wa dada yetu, naye alikuwa ametupa atuwekee amana mpaka arudi kutoka Songea. Tulimlipa kwa muda wa miezi mitano. Kwa hiyo tunaposema nafasi isizidi kidole, hatusemi kwa kusoma kitabu.

Mlango basi uwe upande wa mbele, mkubwa wa kutosha mtu kuingiza mabega na mikono yote miwili. Bawaba za dukani si lazima. Kateni vipande vya tairi, vipana kama kiganja, mkavipigilie misumari minne kila upande. Bawaba ya tairi haipati kutu wala hailii usiku. Ndala kuukuu nayo hufaa, ila haidumu mwaka.

Paa ni mabati matano ya futi 7 au 8, yakitokeza nje futi moja mbele na nyuma. Matundu ya misumari ya zamani yazibeni kwa lami iliyopashwa moto, kipande kidogo tu kwa kila tundu. Wengine watauliza kwa nini tusiezeke kwa nyasi. Asiye na bati aezeke kwa nyasi, banda la nyasi ni bora kuliko mafiga ya jikoni. Lakini nyasi hufuga utitiri na nyoka, na kila mwaka hutaka mkono.

Ndani wekeni fito mbili za kulalia, kila moja futi 7 na nusu, nene kama mpini wa jembe, zisizo na ncha wala miiba. Kila kuku hutaka nafasi ya inchi 8. Ziwekeni kwa kimo kimoja, futi moja na nusu kutoka sakafuni, kwa sababu moja ikiwa juu kuliko nyingine watagombania ya juu usiku kucha, kama watu na viti vya mbele katika mkutano. Kwa kutagia, dumu la lita 20 lililotoboka likatwe ubavu mmoja, liwekwe nyasi kavu au maranda kutoka kwa seremala. Madumu manne yatosha kuku 20, yawe pembe yenye giza. Kuku mwenye vifaranga mtandikieni kiroba na maranda pembeni, vifaranga wasitumbukize miguu kati ya mianzi. Chombo cha chakula ni nusu ya mwanzi mnene. Habari ya chakula chenyewe, pumba na mashudu na dagaa, tutaisema siku nyingine, maana jua linashuka.

Wazee wametuambia jambo ambalo hatuwezi kulipita. Wanasema: kuku walilala jikoni kwa sababu ya wezi, ninyi mkiwatoa nje mnawapa wezi chakula. Neno hilo ni kweli, wala wazee hawakuwa wajinga. Kwa hiyo banda lisijengwe mwisho wa kiwanja kwenye migomba. Lijengwe chini ya dirisha la chumba anacholala mtu mzima, hatua tano au sita, na mlango wake utazame dirisha hilo. Mlango utiwe komeo na kufuli. Juu ya mlango tungikeni makopo mawili matatu matupu yanayogongana. Kuku wa jikoni pia wameibwa hapa Madaba, tena mara nyingi, ila hatukuyapigia kelele kwa sababu tuliona haya kusema tulilala usingizi mzito.

Tulisema tutarudi kwenye nyumba kumi. Sikilizeni. Tumekubaliana na mchanjaji kwamba atapita mara nne kwa mwaka, na atapita alfajiri, saa kumi na mbili, kabla milango haijafunguliwa. Kila nyumba itaarifiwa siku mbili mbele. Fedha ya chupa itakusanywa kwa hesabu ya kuku, wala si kwa hesabu ya nyumba, ili mwenye kuku watatu asilipe sawa na mwenye thelathini. Daftari la fedha hiyo litashikwa na mama mmoja mtakayemchagua ninyi, na litasomwa mbele ya wote. Sisi hatutalishika. Tunayo daftari moja tayari na hilo lenyewe lina watu wanaolitilia mashaka.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna mchanjaji awezaye kulizuia, nalo ni sisi kwa sisi. Mtu akiona kuku wake wawili wamesinzia, hufanya nini? Anawakamata wale ambao bado wanasimama, anawatia katika tenga, anawahi sokoni. Anamuuzia jirani yake. Jirani anampeleka nyumbani, na baada ya juma moja nyumba ile imelia. Mwaka jana mdondo haukuja Madaba kwa miguu yake. Ulikuja katika tenga, na tenga hilo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijua. Hatumtaji. Twaamini yumo humu au ndugu yake yumo humu, na twajua alikuwa na shida ya fedha, kwa sababu sote tunazo. Lakini mwenzetu, ukiona kuku amesinzia, mseme. Funga banda lako, wafukie waliokufa, waambie nyumba kumi. Kuku yeyote mgeni anayenunuliwa akae peke yake siku 14 kabla ya kuingia kwa wenzake, hata kama amenunuliwa kwa mwanachama, hata kama amenunuliwa kwetu.

Na akina baba, tumalizie kwenu. Banda hili mtalijenga ninyi, maana nyundo ziko kwenu. Likisha kujengwa lisigeuke kuwa hesabu ya baba. Tumeona nyumba moja ambamo kuku walipokuwa jikoni walikuwa wa mama, na walipoingia bandani baba akaanza kushika ufunguo. Ufunguo na ukae kwa yule aliyekuwa akiwalisha walipokuwa jikoni.

Jumamosi ijayo tunaanza kwa mama yule mwenye wajukuu watatu. Mirunda sita imekwisha patikana na imepakwa oili. Mabanzi yapo nusu. Mabati tunayo matatu, bado mawili. Aliye nayo aseme sasa hivi kabla hatujatawanyika. Vijana waje saa moja asubuhi na misumeno na nyundo, na kila nyumba ilete banzi moja na misumari itakayoipata. Wazee waje wakae kivulini watukosoe, hasa kwenye mlango. Mama mwenye nyumba amesema atapika ugali na maharage. Kuku hachinjwi siku hiyo, maana wale saba na vifaranga wao ndio mbegu.